Ng'ombe wa Amana: Mwenye, Mwenyewe na Mmiliki katika Shinyanga na Geita

Lipo katika lugha yetu neno saisi, ambalo maana yake ni mtu atunzaye farasi wa mtu mwingine. Frederick Johnson aliliingiza katika kamusi yake ya mwaka 1939, na wazee wa Unguja waliokumbuka mazizi ya Masultani walilitumia bila kufikiri. Lakini saisi ni mtumishi. Hulipwa ujira, farasi halali kwake, na bwana wake arudipo safari humkuta mnyama pale pale alipomwacha. Neno hilo halikupata kusafiri mbali na pwani kwa sababu farasi wenyewe hawakusafiri. Mwaka 1871 H. M. Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash, na wote wawili walikufa kabla msafara haujafika mbali na pwani. Maradhi ya farasi yaenezwayo na visubi, pamoja na mbung'o wa mapori ya bara, yalihakikisha kwamba Shinyanga haitakuwa nchi ya farasi.

Kwa hiyo mfasiri wa mikoa hii akikutana na jambo la kutunza mnyama wa mtu aliye mbali, hana budi kumwacha saisi na kuwatazama ng'ombe. Hapo atakuta mambo ya ajabu kidogo. Desturi yenyewe ni pana, ya zamani na ina sheria zake zinazofahamika na watu wote, lakini Kiswahili sanifu hakijaipa jina moja lililokubaliwa. Katika makala hii nakusudia kueleza historia ya desturi hiyo, na kuonyesha jinsi upungufu wa jina unavyoweza kumpotezea mtu mali yake.

Kwanza desturi. Msukuma mwenye ng'ombe thelathini hakuwa na mazoea ya kuwalaza wote katika zizi moja. Baadhi aliwaweka kwa shemeji, baadhi kwa rafiki wa utotoni aliyehamia upande wa pili wa mto, na wengine kwa jirani asiye na mnyama hata mmoja. Sababu zilikuwa nyingi. Ukame wa Shinyanga haupigi kila mahali sawasawa. Mvua huweza kunyesha kijiji hiki na kukiruka kile. Maradhi nayo huingia zizi kwa zizi. Sotoka ya miaka ya mwanzo ya 1890, iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa wingi usio kifani, iliwafunza watu kwamba mali iliyo mahali pamoja hufa kwa siku moja. Tena palikuwa na wizi na uvamizi, na palikuwa na macho ya watu. Si kila tajiri anapenda utajiri wake uhesabike kutoka barabarani.

Masharti yalikuwa haya kwa ujumla, ingawa kila ukoo ulikuwa na tofauti zake ndogo. Mtunzaji hunywa maziwa, hutumia mbolea, na kama kuna maksai huwafunga plau na kulima shamba lake. Ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka habari upesi pamoja na ngozi, na nyama isipooza hupelekwa pia au huliwa kwa ruhusa. Ngozi ndiyo ushahidi kwamba mnyama alikufa na hakuuzwa. Mtunzaji hawezi kuuza, kuchinja wala kulipia mahari ng'ombe wa amana. Baada ya miaka mingi ya utunzaji mwema mwenyewe huweza kumpa mtamba mmoja, na mtamba huyo huwa ndio mwanzo wa zizi la mtu aliyekuwa fukara. Hicho ni kipawa, wala si deni. Mzee anayejua mila hatakubali kamwe kukiita mshahara.

Desturi za jinsi hii hazikuwa za Wasukuma peke yao. Waha wa Kigoma, kama jirani zao Warundi, walikuwa na bugabire, ambayo ndani yake mlikuwa na utii wa mdogo kwa mkubwa kuliko urafiki. Wapokoti wa Kenya wana tilia, na hapa mfasiri ajihadhari asidhani kwamba ni kitenzi chetu tilia. Ni kufanana kwa sauti tu. Katika Usukuma uhusiano huo ulikuwa zaidi wa watu walio sawa, au wanaojifanya kuwa sawa.

Historia ya karne ya ishirini iliichochea desturi hii badala ya kuiua. Kuanzia miaka ya 1920 mapori ya Shinyanga yalikatwa kwa kazi ya halaiki ili kumfukuza mbung'o, juhudi iliyoongozwa na C. F. M. Swynnerton, na Shinyanga ya Kale ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo. Malisho yalipanuka na ng'ombe wakaongezeka. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ikaona kwamba sasa wamezidi, ikaweka mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma uliotaka mifugo ipunguzwe na watu wahamie magharibi, hasa Geita, ambako ardhi ilikuwa bado tupu. Amri za kupunguza ng'ombe zilichukiwa sana, na zilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyochangia ghasia za Geita za mwaka 1958. Mtu aliyeamriwa kupunguza alikuwa na njia nyepesi: kuwatawanya. Karani alihesabu zizi, hakuhesabu umiliki. Naye aliyehamia Geita hakuchukua ng'ombe wote kwenda kwenye pori jipya lenye mbung'o. Aliacha nyuma wale aliowapenda zaidi, mikononi mwa ndugu.

Ikaja migodi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na Williamson mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Kati ya nyakati hizo, na hata leo, wachimbaji wadogo wamekuwa wakihama kutoka shimo hadi shimo kwa kufuata fununu. Mchimbaji hana zizi. Apatapo dhahabu hununua ng'ombe, kwa kuwa fedha mfukoni kambini haina maisha marefu, na ng'ombe hao huwapeleka nyumbani kwa kaka, kwa mjomba, au kwa rafiki. Kisha hurudi shimoni, pengine kwa miaka kumi. Basi mwenyewe wa zamani aliyekuwa mzee wa kijiji mwenye mifugo tele, amefuatwa na mwenyewe mpya: kijana asiyekuwapo.

Hapa ndipo lugha inapoingia.

Kiswahili cha mazungumzo humwita mtunzaji mwenye ng'ombe, kwa maana kwamba anao. Humwita pia mwenye mali mwenye ng'ombe, kwa maana kwamba ni wake. Kiambishi -enye hakibagui kuwa na kitu na kumiliki kitu, wala kivumishi -angu hakibagui. Mtunzaji akisema "ng'ombe wangu wamekula mahindi ya jirani" hasemi uongo. Anasema kama mwalimu asemavyo "darasa langu". Tofauti tuliyo nayo ya asili imo katika neno mwenyewe. Tunasema "mwenyewe hayupo", na kila mtu huelewa kwamba anayesema si mwenye mali. Neno hilo ni zuri na la zamani, lakini watumishi wa serikali wamelikimbia, pengine kwa kuwa linafanana na kivumishi cha kusisitiza, wakakimbilia mmiliki. Na mmiliki, kwa bahati mbaya, ametokana na kitenzi kinachotumiwa hovyo. Leo watu humiliki bunduki, humiliki timu, humiliki mpira uwanjani kwa dakika tano.

Niliwahi kufanya kosa hili mimi mwenyewe. Nililetewa mwenendo wa shauri la Mahakama ya Mwanzo ili niufasiri kwa Kiingereza kwa ajili ya rufaa. Mdai alikuwa mchimbaji aliyerudi kutoka Geita. Mdaiwa alikuwa mume wa dada yake. Shahidi wa mdaiwa alikuwa amesema, "Miaka yote hii ng'ombe anao huyu." Nami katika haraka zangu niliandika sentensi ambayo kwa Kiingereza ilimfanya mdaiwa kuwa mwenye mali. Shahidi hakuwa amesema hivyo. Alikuwa amesema tu ng'ombe walilala wapi, jambo ambalo hata mdai hakulibisha. Kosa liligunduliwa kabla mwenendo haujapelekwa, lakini tangu siku hiyo neno anao hunitia hofu.

Sheria iliyoandikwa haikutusaidia sana kwa jina, ijapokuwa kwa maudhui imekaribiana na wazee wa Usukuma kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Mikataba ya Tanganyika ya mwaka 1961 ilirithi kwa sehemu kubwa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Katika kifungu cha 163 cha sheria hiyo ya India, waandishi walitaka kueleza kwamba aliyekabidhiwa mali ya mwingine hurudisha pia ongezeko lake, endapo hakuna mapatano tofauti. Mfano wao, pasipo kumfikiria Msukuma yeyote, ulikuwa ng'ombe: mtu anamwachia mwenzake ng'ombe amtunze, ng'ombe anazaa, na mtunzaji analazimika kurudisha ng'ombe pamoja na ndama. Wazee wa Shinyanga wangeitikia kwa kichwa. Lakini wangeuliza juu ya maziwa. Kwa kanuni hiyo ikiachwa peke yake, maziwa nayo ni faida itokanayo na mali, na mtunzaji angeweza kudaiwa. Kwa mila maziwa ni yake tangu siku ya kwanza. Mwanasheria atajibu kwamba mila yenyewe ndiyo mapatano, nami nakubali, ila mapatano hayo yanatakiwa yathibitishwe kwa maneno, na maneno hayo yataandikwa na karani kwa Kiswahili.

Uhusiano huo wote Kiingereza huuita "bailment". Baadhi ya wafasiri wametumia dhamana. Siafiki. Dhamana ni kusimamia deni au mwenendo wa mtu mwingine, na mahakamani imekwisha kuwa na kazi ya kutosha ya kuwatoa watu rumande. Wengine wametumia mkopo. Lakini mkopo wa ng'ombe ni jambo la miradi ya ng'ombe wa maziwa, ambako mtu hupewa mtamba na baadaye hutoa mtamba kwa jirani, na ng'ombe wa kwanza hubaki kuwa wake. Azima haifai pia, maana azimo ni kwa manufaa ya anayeazima tu. Rahani ni mali iliyowekwa kwa ajili ya deni. Linalobaki ni amana, neno ambalo pwani imelitumia kwa karne nyingi katika maana yake ya sheria ya Kiislamu: mali iliyo mkononi mwa mtu aliyeaminiwa, ambaye halipi ikipotea bila uzembe wake. Kanuni hiyo ya uzembe ndiyo ile ile ya ngozi ya ng'ombe aliyekufa.

Amana ina kasoro moja. Kwa watu wa mjini imekuwa neno la benki. Vilevile haisemi chochote juu ya maziwa na plau, yaani manufaa ya mtunzaji. Kwa hiyo naona inafaa kuwa jina la jumla la sheria, na kwa mifugo tutumie kitenzi chetu wenyewe. Fuga inazaa fugisha, kumpa mtu mnyama akutunzie, na fugia, kumtunzia mtu mnyama wake. Tunaweza kupata mfugishaji na mfugiaji, na tendo lenyewe likawa ufugishaji. Masikio yatashtuka kwa muda. Yalishtuka pia kwa ikulu, ambayo Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wakiijua kama makao ya mtemi, na kwa ngeli iliyotoka Buhaya. Karibu zaidi na somo letu ni ngitili, malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulilichukua neno la wakulima, na sasa linaandikwa katika taarifa za serikali bila mtu kuomba radhi.

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la wazee na litakwisha lenyewe. Naona kinyume chake. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kufasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ikawa kubwa kupita kiasi. Tena, kwa mujibu wa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, zoezi la kuwavisha ng'ombe hereni za kielektroniki lilifanywa kwa nguvu katika mwaka 2021 na 2022. Hereni hubeba namba, na namba hufuatana na jina la mtu katika daftari. Afisa anafika kijijini asubuhi, anakuta zizi, anauliza kwa Kiswahili chepesi: "Mwenye ng'ombe ni nani?" Aliyesimama pale anajibu kwa uaminifu kabisa, "Ni mimi." Mchimbaji yuko Geita, chini ya ardhi.

Kwa mtu huyo swali lilipaswa kuwa maswali mawili, na fomu ilipaswa kuwa na nafasi mbili: jina la mwenyewe, na jina la mfugiaji. Iwapo Baraza litaona mfugiaji halifai, na lichague jingine. Maadamu fomu ijayo haitaandikwa mwenye.