Dawa isiyotibu

Neno dawa limetwishwa mzigo mzito mno. Maana yake ya kwanza ni kitu cha kutibu maradhi, lakini ghalani na kiwandani ndilo jina la kinachoua panya, kinachosafisha choo na kinachonyunyiziwa nyanya. Watetezi wake husema, na si bila sababu, kwamba muktadha hutosha: mtu mzima haidhanii dawa ya panya kuwa ya kikohozi. Ni kweli, maadamu kopo lenyewe lipo. Hatari huanza kemikali inapomiminwa kwenye chupa tupu ya soda. Hapo “ya panya” hupotea, hubaki dawa tupu, na sikio letu limezoea kuisikia dawa kama jambo la kheri.

Wengine watasema picha zinatosha, kwa kuwa tangu 2003 Umoja wa Mataifa una mfumo wa pamoja wa lebo, wenye alama 9. Fuvu la kichwa na mifupa, sawa, linaeleweka. Lakini hakuna alama inayosema kwamba dawa ya choo yenye asidi ikichanganyika na ya kufulia yenye klorini hutoa gesi inayounguza mapafu. Hilo lahitaji sentensi ya Kiswahili, na rafu mbili zilizo mbalimbali. Kwa sumu za mashambani tunalo neno viuatilifu, lenye kuua ndani yake waziwazi. Mwenye ghala, liandike hilo. Kwingineko andika sumu, kwa herufi kubwa, na chupa ya kinywaji usiiguse.