Kisu cha Minofu na Kisu cha Shangazi

Mwezi uliopita binti yangu wa pili aliniletea barua fupi kutoka Dar es Salaam. Anafungua mgahawa mdogo wa samaki. Meza amekwisha kupata, majiko amekwisha kupata, na jokofu moja la mtumba ambalo naliombea dua. Visu hajanunua. "Hivyo utanichagulia wewe, baba," ameandika, "maana ndiyo iliyokuwa kazi yako." Nilidhani nitamjibu kwa mistari mitano. Nimeketi mezani siku tatu sasa, na msomaji ataona mwenyewe mambo yalivyoniponyoka.

Kwetu Kagera kisu hakikuanza kuletwa na meli. Babu yangu mzaa baba alikuwa na kisu kifupi, cheusi, chenye mpini wa mti uliong'arishwa na viganja vya watu watatu waliokirithi. Alikuwa akisema kwamba chuma chake kilitoka ardhini, si dukani. Mimi nikiwa kijana wa shule nilicheka moyoni, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kwamba pua ni mambo ya Wazungu, nasi tuliishia kwenye chuma laini cha jembe.

Nikaja kujuta kicheko hicho. Mwaka 1976 mtafiti wa Kimarekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuru kama walivyoona likijengwa ujanani mwao. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miaka mingi, tangu majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipoingia kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo. Wazee walichoma majani ya kinamasi katika shimo la tanuru, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani, wakavuta mivukuto kwa zamu. Mara ya kwanza mambo hayakwenda sawa, maana mikono ilikuwa imesahau. Walipofanikiwa, walichotoa kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa pua. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali, walichapisha habari hizo na kueleza kwamba matanuru ya kale yaliyofukuliwa kando ya Ziwa yalifanya kazi ya namna hiyo miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Wataalamu wengine walibishana nao kuhusu joto la tanuru na namna hewa ilivyopata moto, na ubishi huo ni haki yao. Lakini kuhusu pua yenyewe, babu yangu alikuwa sahihi. Wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, na mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukumbuka visu vya wazee.

Pwani nako biashara ya visu ni ya zamani kuliko tunavyofikiri. Mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyeandika mwongozo wa bahari ya Hindi katika karne ya kwanza anataja bandari ya Rhapta, mahali fulani kwenye pwani hii yetu, na bidhaa zilizopelekwa huko: mikuki iliyotengenezwa makusudi huko Muza, Yemen, vishoka, visu na vyombo vya kioo. Na katika karne ya kumi na mbili al-Idrisi akaandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo yao ya chuma. Kwa hiyo kisu kilikuwa kikiingia na chuma kilikuwa kikichimbwa, na nadhani hata wakati huo palikuwa na mama sokoni akibonyeza makali kwa kidole gumba na kusema cha mgeni hakifai.

Kisu ninachokijua mimi hasa, hata hivyo, ni kile cha mpini mweupe wa plastiki.

Niliajiriwa mwaka 1994 katika kiwanda cha minofu mjini Mwanza. Sangara alikuwa amepandwa Ziwa Victoria upande wa Uganda katika miaka ya hamsini. Alikaa kimya miaka mingi, kisha katika miaka ya themanini akafurika kila mahali, na furu wadogo waliokuwa chakula cha maskini wakapungua hadi aina nyingi zikatoweka kabisa. Sangara anaweza kufika urefu wa mita mbili. Hakuna kisu cha nyumbani kinachomtosha. Viwanda vilipojengwa upande wetu mwanzoni mwa miaka ya tisini, vilikuja na mashine za barafu, na mizani, na visu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kisu chenye bapa la karibu sentimita 25, jembamba, linalopinda kidogo ukilisukuma na kurudi lilivyokuwa. Mpini ulikuwa wa plastiki kwa sababu mti hunywa damu na maji na kutunza uchafu. Tulikichovya katika maji ya klorini kila tulipotoka na kuingia. Mzee aliyenifundisha, ambaye alikuwa amefanya kazi hiyo ng'ambo ya Kenya, aliniambia nisikate samaki. "Fuata mfupa," alisema. "Mfupa ndio utakaokuonyesha njia, wewe kazi yako ni kusikiliza." Basi unaanza nyuma ya shavu, kwa mshazari, hadi kisu kiguse uti. Unakilaza. Unakivuta kuelekea mkiani kwa mkupuo mmoja mrefu, na kama kisu ni kizuri unasikia kikikwaruza miba kama kidole kinachopita juu ya meno ya kitana. Kisu kigumu mno hakiinami kufuata mbavu, kinaacha nyama. Kisu laini mno kinayumba na kuchana mnofu. Baada ya miezi sita nilikuwa miongoni mwa wakataji watano wa kwanza katika zamu yetu.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia binti yangu.

Nilikuwa nikiishi Igogo kwa shangazi, aliyenilea tangu mama alipofariki. Shangazi alikuwa mchuuzi wa samaki zamani za furu na ngege. Alikuwa na kisu chake, kipande cha springi ya gari kilichofuliwa na fundi wa mtaani, kizito, kisicho na sura, na kwa hicho alipaa magamba, akatumbua, akapasua, akakata vitunguu, akafungua makopo, na siku moja akamfukuza mwizi. Sangara walipoanza kununuliwa na viwanda kabla hawajafika mwaloni vizuri, bei ilipanda, na shangazi hakuweza tena kununua samaki mzima. Akaanza kununua mapanki.

Kwa asiyejua, panki ni kile kinachobaki mnofu ukiisha kuondolewa: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Watu walilipa jina hilo kwa mtindo wa nywele wa vijana wa miaka ile, kwa namna miba inavyosimama. Mapanki yalitoka kiwandani kwa malori, kina mama wakayanunua, wakayakaanga au kuyakausha, na familia nyingi zikala kwa hayo. Filamu iliyotoka mwaka 2004, *Darwin's Nightmare*, iliyaonyesha mapanki hayo duniani kote, na huku kwetu ikazua hasira kubwa, hata serikali ikaisema vikali. Mimi sina ugomvi na filamu. Mimi nilikuwa ndani na kisu mkononi.

Msimamizi alipima minofu ya kila mkataji. Aliyetoa mingi zaidi kwa samaki walewale alipata nyongeza mwisho wa juma. Nyama iliyobaki kwenye uti ilihesabiwa kuwa uzembe. Nami nilikuwa hodari, na kisu changu nilikinoa kuliko wenzangu, na mapanki yangu yalitoka meupe kama mswaki. Jioni moja shangazi alikuwa amechutama kando ya karai, akageuza panki moja upande huu na upande huu, akauliza bila kuniangalia, "Hili ni la zamu yako, baba?"

Nikasema sijui.

"Aliyelikata ni fundi," akasema. "Hakuacha hata cha kulamba paka."

Hakunilaumu. Shangazi hakuwa mtu wa lawama, na nyongeza yangu ndiyo iliyokuwa ikinunua mafuta yaleyale aliyokaangia. Lakini tangu siku ile kila nilipolaza kisu nilikuwa na hesabu mbili kichwani. Ningekiinua kidogo tu, kama unene wa sarafu, mnofu ungepungua gramu chache na mahali fulani mtoto angepata tonge lenye nyama. Je, nilikiinua? Siku nyingine ndiyo, hasa zamu za usiku msimamizi alipokuwa amechoka. Siku nyingi zaidi, hapana. Nilitaka nyongeza. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa namna nyingine, na kila namna ilikuwa uongo.

Mwishoni mwa mwaka 1997 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi wa kwetu kwa sababu ya kipindupindu, mpaka katikati ya mwaka uliofuata. Mwaka 1999 ukaja uzuio mwingine, safari hii kwa habari za wavuvi waliotumia sumu ziwani. Kiwanda kilipunguza watu, nami nikiwa mmojawapo, bila kulipwa juma langu la mwisho. Niliondoka na kisu. Sitakiita kumbukumbu, nilikichukua badala ya mshahara.

Ninacho hata leo. Kwa miaka zaidi ya ishirini ya kunolewa kimekonda hadi kimefanana na jani la mchai. Ni cha chuma kisichoshika kutu, ambacho kina historia yake ya kuchekesha. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Akapata mchanganyiko wenye karibu asilimia 13 ya kromi, ambao haukushika kutu. Akafikiria visu vya mezani. Watengeneza visu wa mji wake hawakuwa wamejua kiasi cha joto ambacho chuma hicho kinahitaji ili kikomae, wakatoa visu butu, wakamtania Brearley kuwa ndiye mvumbuzi wa visu visivyokata. Mpaka leo wapo wauza duka wanaoendeleza kazi hiyo.

Basi, mwanangu, sikiliza. Nunua viwili, usidanganywe na seti ya sita ndani ya boksi la kung'aa. Cha kwanza kiwe cha minofu, bapa la sentimita 15 hadi 18, maana wewe utashughulika na sato, changu na kolekole wadogo, si sangara wa kilo 40. Simamisha ncha yake juu ya ubao na ukandamize: ipinde, kisha irudi ikiwa imenyooka. Ikibaki imepinda, mrudishie mwenye duka. Shika mpini kwa mkono uliolowa, na uhakikishe una kizuizi cha kidole mbele. Nina kovu kwenye kidole cha shahada kwa kukosa kujali jambo hilo. Tazama pale bapa linapoingia mpinini. Kukiwa na mwanya, shombo itaingia humo na haitatoka.

Cha pili kiwe cha jikoni, kipana, kizito kidogo, cha sentimita 20. Hicho kikiwa cha pua ya kawaida ya kushika kutu, usiogope. Kitageuka cheusi kwa ndimu na vitunguu, lakini kinanoleka upesi kwenye kinoo cha kawaida. Kioshe, kifute, kipake mafuta ya kula. Wale wanaopita na baiskeli yenye jiwe la kuzunguka usiwape cha minofu. Wakikikaza mpaka cheche ziruke na makali yageuke rangi ya buluu, ukomavu wa chuma umekwisha, na hutaurudisha.

Cha springi cha shangazi kiko nyumbani, ndani ya mkebe, pamoja na cheti changu cha ubatizo. Niliwahi kukijaribu kwenye sato. Kiliacha nyama nyingi mno kwenye uti. Nilipika mifupa ile kwa nyanya na bilinganya, tukala watu wanne.

Barua ya binti yangu ina swali jingine mwishoni, nusura nilisahau: mifupa afanye nini nayo, aitupe au aiuze? Nimemjibu kwamba asitie kisu karibu sana na uti, na kila saa kumi jioni aweke sufuria ya supu mlango wa nyuma, bei ndogo. Ameniandikia tena kwamba hesabu yake haikubali. Nimemwambia apunguze kwenye nauli zangu za kwenda kumtembelea.