Mji Kabla ya Mawe: Kutoka Kisarawe hadi Songo Mnara

Kwa muda mrefu historia ya miji ya Waswahili iliandikwa kwa kutazama mawe. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa katika miaka ya 1960, alihusisha chimbuko la miji hiyo na wageni kutoka ng'ambo. Penye kuta na misikiti palihesabiwa kuwa mji. Penye nyumba za miti na udongo palipuuzwa.

Anayepita Kibaha au Kisarawe haoni magofu kama ya Kilwa. Hata hivyo, mwaka 1988 Felix Chami, ambaye baadaye alikuwa profesa wa akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tasnifu ya uzamili kuhusu Limbo, mahali palipokuwa wakati huo katika wilaya ya Kisarawe. Palipatikana mavi ya chuma kwa wingi pamoja na vigae vya vyungu vya aina ya Kwale. Wahunzi hao waliishi huko takriban miaka 2000 iliyopita, karne nyingi kabla ya misikiti ya mawe ya Kilwa.

Pengine itasemwa kwamba kijiji cha wahunzi si mji. Ni kweli, lakini ni nini basi kinachoufanya mji kuwa mji? Tangu mwaka 2009, Jeffrey Fleisher, profesa wa anthropolojia wa Chuo Kikuu cha Rice, na Stephanie Wynne-Jones wa York walichunguza Songo Mnara, mji wa karne ya 14 na 15 karibu na Kilwa. Badala ya kufukua majumba peke yake, walipima pia udongo wa nyanja zilizoonekana tupu. Humo walikuta mabaki ya nyumba za udongo na dalili za kazi za kila siku, na katikati ya mji makaburi yaliyoachiwa nafasi kwa makusudi. Uwanja, basi, ulikuwa sehemu ya mpango.

Lugha yetu yaunga mkono jambo hilo. Neno mji lina ndugu zake bara: mudzi wa Wachewa ni kijiji, umuzi wa Wazulu ni makazi ya familia. Maana yake ya asili ni watu waliokaa pamoja, wala haihitaji ukuta wa mawe. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia ya Waswahili hana budi kuanza na vigae vya Kisarawe kabla ya kufika kwenye kuta za Kilwa.