Kuona, Kuonywa na Maoni: Watazamaji wa Kiafrika mbele ya Filamu za Kale za Uingereza

Mwaka 1929 mwanabiolojia wa Kiingereza Julian Huxley alifunga safari ya Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa mizigo yake zilikuwamo filamu chache za elimu. Huko London, wale waliokuwa wakiishauri serikali juu ya elimu katika makoloni walitaka kujua jambo moja: je, Mwafrika asiyepata kuona sinema aweza kuzifahamu picha zinazotembea juu ya kitambaa cheupe? Huxley alizionyesha filamu zake, kisha wanafunzi wakaombwa kuandika insha juu ya yale waliyoyaona. Waliandika. Naye, baada ya kuzisoma insha hizo, aliona kwamba watazamaji wake walikuwa wamefahamu vema, na kwamba filamu zaweza kutumika katika elimu yao bila taabu.

Jambo lilikuwa limekwisha kujibiwa, na tena limejibiwa na wahusika wenyewe kwa mkono wao. Hata hivyo, kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini iliyofuata swali lile lile liliulizwa tena na tena, na jibu lililopendwa lilikuwa kinyume cha lile la kwanza. Historia ya kugeuka huko ni historia ya namna maoni ya watu yanavyoweza kukusanywa kwa bidii bila kusikilizwa.

Kati ya 1935 na 1937 lilifanyika katika Tanganyika jaribio lililojulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment. Chimbuko lake lilikuwa uchunguzi ulioongozwa na J. Merle Davis, wa Baraza la Kimataifa la Misheni, juu ya athari za migodi ya shaba ya Afrika ya Kati katika maisha ya wenyeji. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 1933. Msomaji wa Katanga hana haja ya kuelezwa migodi ya shaba huvuta watu gani, kutoka wapi, na huacha nini vijijini. Davis alidhani kwamba sinema ingeweza kumsaidia mwanakijiji kuielewa dunia mpya iliyokuwa ikimzunguka. Fedha zilitolewa na Shirika la Carnegie la Marekani, na kazi ikaongozwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, makao yao yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara.

Hapo zilitengenezwa filamu fupi zaidi ya thelathini: juu ya safura, juu ya mmomonyoko wa udongo, juu ya kodi, juu ya benki ya posta. Hiyo ya mwisho ilikuwa na watu wawili, mmoja aliyefukia fedha zake ardhini zikaibwa, na mwingine aliyezipeleka benki. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Iliwekwa katika sahani za santuri, ili picha zile zile ziweze kusema Kiswahili mahali hapa na lugha nyingine mahali pale. Kisha gari lenye mashine lilizunguka katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Jaribio hili, pamoja na kasoro zake, lilikuwa na sifa moja isiyoonekana sana baadaye: watengenezaji walikaa karibu na watazamaji wao, na baadhi ya watazamaji walikuwa pia waigizaji.

Yafaa hapa kusimama kidogo juu ya lugha. Kutokana na kitenzi kuona Kiswahili kimezaa kuonya na kuonyesha, na pia nomino maoni. Ukoo huu wa maneno wafundisha mengi kuliko ripoti nyingi za wakati ule. Filamu za Vugiri na zile zilizozifuata zilidai kuonyesha, na kwa kweli zilikuwa zikionya: usifukie fedha, usiache maji yakituama, usilime hivi. Mtu anayeonywa hatarajiwi kutoa maoni, hutarajiwa kuitikia. Akitoa neno jingine, mwonyaji hufikiri kwamba hakusikia.

Ndivyo ilivyokuwa chini ya William Sellers. Bwana huyu alikuwa mtumishi wa idara ya afya katika Nigeria, akatumia sinema katika vita dhidi ya tauni mjini Lagos. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilipounda Colonial Film Unit, yeye ndiye aliyekabidhiwa uongozi, na kitengo hicho kikaendelea hadi 1955. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa kijijini hawezi kufuata sinema ya kawaida. Kwa hiyo aliweka masharti: picha ikae muda mrefu, mwendo uwe wa polepole, kamera isirukeruke, hila za upigaji picha ziachwe kabisa. Jarida la kitengo, Colonial Cinema, lilieneza mafundisho hayo kuanzia 1942. Wala fikra za namna hiyo hazikuwa za Waingereza peke yao. Katika Kongo ya Wabelgiji sheria ya 1945 iliwafungia Waafrika maonyesho yote ya sinema ila yale yaliyoidhinishwa kwa ajili yao, na katika miaka ya 1950 wamisionari wa Kasai waliwatengenezea vichekesho vya Matamata na Pilipili, ambavyo wazee wengi wangali wanavikumbuka kwa furaha, pengine kwa sababu tofauti na zile zilizokusudiwa.

Lakini hakuna kisa kilichoenea kuliko kile cha kuku. Alikisimulia John Wilson wa London, na Marshall McLuhan akakitia katika kitabu chake mashuhuri cha 1962, The Gutenberg Galaxy. Bwana afya alitengeneza filamu ya dakika chache, ya polepole mno, ikionyesha mtu akisafisha mazingira ya nyumba: anamwaga maji yaliyotuama, anaokota makopo matupu. Watu kama thelathini wakaonyeshwa. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Wenye filamu hawakujua kwamba mna kuku ndani yake! Ikawabidi waikague picha moja baada ya nyingine, na kweli, kwa muda wa nukta moja hivi, kuku aliyeshtushwa alipita upande wa chini wa picha. Wilson alihitimisha kwamba watu wasiozoea kusoma hawaioni picha nzima, bali huchunguza vipande vyake.

Hitimisho hilo limerudiwa katika vitabu vingi, na wachache wamejiuliza juu ya swali lenyewe. Mtu aliyekuonyesha kitu, naye alikuwapo ulipokitazama, akikugeukia na kukuuliza «Mmeona nini?», anataka nini? Katika mazungumzo ya kawaida ya watu wetu, mtu haelezwi lile analolijua, huelezwa habari. Usafi wa ua haukuwa habari kwa bwana afya. Kuku alikuwa habari, na ushahidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa amemwona. Watazamaji walipoulizwa kama walimwona mtu, walikubali kwamba walimwona. Basi walioshindwa kuiona picha nzima walikuwa akina nani? Wanakijiji waliona mtu na kuku. Wataalamu waliona mtu tu, wakahitaji mashine kumtafuta kuku.

Kuna na kile kisa kingine, cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaza kitambaa chote, wakasema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa hivyo. Kimesimuliwa juu ya mahali pengi mno hata kikafanana na hekaya. Na kama kweli kilitokea, msikilizaji aliyezoea utani wa barazani hatakubali upesi kwamba maneno hayo yalisemwa kwa ujinga.

Kulikuwa na watazamaji wengine ambao maoni yao hayakuweza kufasiriwa kwa urahisi huo, nao ni Waafrika walioishi Uingereza kwenyewe. Mwaka 1935 ilitoka Sanders of the River, iliyoongozwa na Zoltan Korda. Asili yake ni hadithi za Edgar Wallace, mwandishi wa magazeti aliyepelekwa Kongo mwaka 1907 kuchunguza ukatili wa utawala wa Leopold. Aliyoyapata huko yakageuka, ajabu ya Mungu, kuwa hadithi za kumtukuza mtawala wa Kiingereza. Paul Robeson aliigiza kama Bosambo, na baadaye akaikana filamu hiyo. Jomo Kenyatta naye alionekana ndani yake kwa muda mfupi, miaka ishirini na minane kabla ya kuwa waziri mkuu wa Kenya.

Wakati wa vita ikatayarishwa Men of Two Worlds, ya Thorold Dickinson. Kisenga, mwanamuziki aliyekaa London miaka kumi na mitano, anarudi kwao Tanganyika kusaidia kuwahamisha watu kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na anapingwa na mganga Magole. Kijiji chake kinaitwa Marashi, jina ambalo Mswahili yeyote angetabasamu akilisikia. Ila kipande cha muziki ambacho Arthur Bliss aliitungia filamu hiyo kilipewa jina zuri la Baraza. Chama cha Wanafunzi wa Afrika ya Magharibi mjini London kilipinga mapema, kikiiandikia wizara ya makoloni kwamba habari hiyo ya uchawi yawadhalilisha Waafrika. Hao walikuwa wasomi, wamezoea sinema, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hawakuiona picha nzima. Filamu ilitoka mwaka 1946, na Magole alikuwamo.