Anga Jekundu la Gisenyi

Jumamosi ya tarehe 29 Mei 2021, wiki moja baada ya Nyiragongo kutapika, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba volkano nyingine, Murara, nayo imelipuka. Siku hiyo hiyo tangazo likafutwa: hapakuwa na mlipuko wowote. Mamia ya maelfu ya watu wa Goma walikuwa wamekwisha kuhama, wengine wakivukia Gisenyi, Rwanda, ambako nako matetemeko yalikuwa yamepasua kuta za nyumba. Waliokosea safari hii hawakuwa wanakijiji waoga wa mizimu. Walikuwa wakubwa wenye wataalamu na vipimo. Basi anayetaka kusimulia historia ya maajabu yaliyoonekana katika anga la Gisenyi asianze kwa kuwacheka wazee.

Wazee walikuwa na maelezo yao. Katika imani ya jadi ya kubandwa, Ryangombe, shujaa aliyeuawa na nyati, aliwaachia wafuasi wake mlima Karisimbi wakapumzike huko baada ya kufa. Wale ambao hawakuingizwa katika ibada yake walingojewa na moto wa Nyiragongo. Ukiitazama milima hiyo kutoka mjini unauelewa mgawanyo huo bila kufundishwa: kilele kimoja huamka na weupe wa barafu, kingine huwa chekundu usiku. Jicho halikudanganya hata kidogo. Kilichoongezwa ni wakazi wa ule moto.

Juni 1894 alipanda Nyiragongo Mjerumani Graf von Götzen, aliyekuwa ameanza safari Pangani na wapagazi wa pwani. Ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa gavana wakati wa Maji Maji, na meli tunayoiita Liemba ilizaliwa na jina lake. Alichungulia kasoko, akaandika habari zake, na tangu hapo mlima ukawa na masimulizi ya aina mbili.

Kinachowapotosha wengi ni hiki: kutoka Gisenyi, kilomita kama 20 hivi, huwezi kuiona lava iliyomo ndani ya kasoko. Kingo zinaiziba. Unachokiona ni mwanga wake uliopiga mvuke na mawingu yaliyo juu yake. Wingu zito likitua kileleni, anga lote huiva na watu husema mlima umekasirika, kumbe chini hakuna kilichobadilika. Mvuke ukipungua, wekundu nao hufifia, na mtu mwenye maombi yake hudai yamejibiwa.

Tena mwanga wenyewe huja na kwenda. Ziwa la lava lilikuwapo tangu 1928 hadi tarehe 10 Januari 1977, lilipomwagika lote kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja. Lava ikarudi kwa kitambo mwaka 1982, kisha Juni 1994, kisha baada ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002, ikadumu hadi 2021. Aliyezaliwa Gisenyi mwaka 2003 alikua na wekundu ule kama jambo la kawaida la usiku. Aliyezaliwa 1983 alifikisha miaka kumi bila kuuona. Wawili hao wakisimama ufukweni pamoja, mmoja ataita ajabu kile ambacho mwenzake hakigeukii.

Hiyo Juni 1994 inahitaji uangalifu. Mwezi mmoja baadaye umati mkubwa wa watu ulipita Gisenyi kuvuka mpaka, na kuuunganisha moto wa mlimani na damu iliyomwagika nchini Rwanda ni rahisi mno. Lakini moto huo huo ulikaa karibu miaka hamsini kabla ya 1977, katika miaka ya heri na ya shari. Hatukumbuki ishara ambazo hazikufuatiwa na kitu.

Shuka sasa kwenye Ziwa Kivu. Giza likiingia, wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa kwa miti, taa zikining'inia juu ya maji. Samaki hao si wa asili ya Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo taa hizi nazo ni ngeni kuliko hadithi nyingi zinazosimuliwa juu ya ziwa hili. Chagua moja iliyo mbali, peke yake gizani, uikazie macho. Muda si mrefu itaanza kuyumba, itapanda, itakwenda pembeni. Mtumbwi umetulia. Ni macho yako, yaliyokosa kitu kingine cha kupimia.

Alexander von Humboldt alinaswa na jambo hilo mwaka 1799 kwenye volkano ya Tenerife, akaandika kwamba nyota zilikuwa zikicheza. Mwaka 1935 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwaweka watu katika chumba cheusi chenye nukta moja ya nuru iliyotulia, akawauliza imesogea kiasi gani. Kila mtu akiwa peke yake alitaja kipimo chake. Walipowekwa pamoja, vipimo vyao vilikaribiana. Mimi nalipa jaribio hilo uzito zaidi kuliko mabishano yote kuhusu vyombo vya ajabu vya angani. Watoto 62 wa shule ya Ariel, Ruwa, Zimbabwe, waliosema tarehe 16 Septemba 1994 kwamba wameona chombo na viumbe vyake, si lazima wawe waongo. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yalikuwa yameonekana yakiwaka angani kusini mwa Afrika, na mazungumzo yakapamba moto. Kisha baadhi ya watoto wakahojiwa pamoja, kila mmoja akimsikia mwenzake.

Hata hivyo mwenye shaka naye anaweza kupita kiasi, na mazuku ndiyo yatakayomwonyesha. Upande wa Goma na Sake kuna mabonde madogo yanayoitwa hivyo, ambamo mbuzi huingia wazima na kukutwa wamekufa bila jeraha, hasa asubuhi kabla upepo haujaamka. Watu walisema ni pepo wabaya. Ni kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka ardhini: nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, hutuama mabondeni. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu. Anayeinama kuokota kuni, au mtoto aliye pembeni yake, anazimia. Jina la muuaji lilikosewa, lakini mahali, saa na namna ya kufa vilitajwa sawasawa, kabla ya mtu yeyote kufika pale na kipimo cha gesi. Mgeni aliyeelimika, anayekatiza bondeni alfajiri ili kuwathibitishia wenyeji kwamba hakuna mizimu, atakuwa amesema kweli kuhusu mizimu.