Neno "Mangi": Kutoka Baraza la Mtawala hata Duka la Mtaani

Katika maneno yaliyoingia Kiswahili kutoka lugha za bara, ni machache yaliyogeuka maana kama neno "mangi". Likitamkwa Moshi ya Kale, wenyeji hukumbuka mtawala na damu iliyomwagika. Likitamkwa Dar es Salaam, mtoto hukumbuka duka lililo karibu na kwao, atumwako kununua kibiriti au sukari ya robo. Tofauti hii haikuzuka hivi hivi. Nyuma yake mna historia ya watu.

Kwa asili neno hili ni la Kichaga, na maana yake ni mtawala wa nchi. Mlima Kilimanjaro haukuwa na mtawala mmoja: Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu na nchi nyingine, kila moja ilikuwa na mangi wake, naye ndiye aliyeamua mashauri, akaita watu vitani, na kugawa ardhi isiyokuwa na mwenyewe. Johannes Rebmann alipofika mlimani mwaka 1848, alipokewa na Masaki, mangi wa Kilema. Wafanya biashara wa pwani hawakupita bila ya idhini ya wakuu hao. Lakini katika maneno yao waliwaita "sultani", na Wadachi wakaifuata desturi hiyo. Basi "mangi" likabaki neno la mlimani.

Wadachi walipotawala, mahali pengi waliweka maakida na majumbe, lakini Kilimanjaro walitawala kwa mkono wa wamangi wenyewe. Asiyekubali aliangamia. Meli, mwana wa Rindi, mangi wa Moshi, aliyashinda majeshi yao mwaka 1892, akashindwa mwaka 1893. Na tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa pamoja na wakuu wengine, akiwamo Ngalami wa Siha. Yasemekana kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekitafuta miaka mingi.

Zamani za Waingereza cheo kilipanuliwa. Mwaka 1946 waliwekwa wamangi watatu wa majimbo, yaani Hai, Vunjo na Rombo, wakaitwa Mangi Mwitori. Mwaka 1951 Thomas Marealle alichaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote. Jina hilo lenyewe ni ndoa ya lugha mbili: "mangi" ni Kichaga, "mkuu" ni Kiswahili. Lakini cheo hakikudumu. Mwaka 1960 Wachaga wenyewe walipiga kura kukiondoa, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikafuta utawala wa machifu katika nchi nzima. Neno likabaki bila ya mwenye kulikalia.

Wakati huo huo ardhi ya mlimani ilikuwa imepungua. Kwa mila, kihamba hurithiwa na kifungua mimba na kitinda mimba. Wana wa katikati zamani waliweza kupewa ardhi mpya, lakini watu walipoongezeka na migomba na kahawa kuenea kila mahali, ilibidi wengi watafute riziki mbali. Waliteremka wakiwa na elimu ya shule za misheni, na mazoea ya fedha waliyoyapata katika kilimo cha kahawa na chama chao cha ushirika, K.N.C.U., kilichoanzishwa mwaka 1933. Wengi wakafungua maduka mijini. Aliyekuwa akisema "naenda kwa Mhindi" akaanza kusema "naenda kwa Mangi".

Katika matumizi haya mna utani, kwani mwenye duka hana baraza wala askari. Na mna heshima pia, kwani mwenye kuomba akopeshwe unga hata mwisho wa mwezi hana budi kumwita mkopeshaji kwa jina zuri. Hatimaye neno limevuka mpaka wa kabila: muuza duka aliyezaliwa Singida naye huitwa Mangi, naye huitika.

Mageuzi ya namna hii si ya Wachaga peke yao. "Bwana" lilikuwa jina la mwenye kumiliki watumwa, na leo huitwa kila mwanamume. Katika Kihispania neno "jefe", yaani mkuu, huko Mexico watu hulitumia kwa baba mzazi, na Hispania humwita kwalo mtumishi wa mkahawa au dereva wa teksi. Cheo kikishuka mitaani, kila mji hukivika vazi lake.

Kwa hiyo kamusi itakayoandika "mangi: mtawala wa Wachaga" peke yake itakuwa imeandika nusu, na itakayoandika "mwenye duka" peke yake itakuwa imewasahau walionyongwa. Maana zote mbili ni za haki, kila moja na mahali pake. Na kati yake mna habari ya watu walioishiwa na ardhi, wakateremka mlima, wakalichukua jina la watawala wao.