Kabla Uchome Doh kwa TV ya 4K, Cheki Kwanza Picha Yako Inaharibikia Wapi

Msee wa Ngoingwa, umeweka doh kando miezi kadhaa. Ile inchi 32 iko kwa keja inaonyesha Mashemeji Derby ni kama mechi inachezewa ndani ya ukungu, na Jumamosi unapanga kushuka Thika town kuokota 4K. Tulia kiasi. Kuna uwezekano mkubwa hiyo mpya itakuonyesha ukungu uleule, ila kwa skrini kubwa.

Sababu ni rahisi: picha hupitia hatua nne kabla ifikie macho yako, na haiwezi kuwa kali kuliko ile hatua dhaifu zaidi.

1. Kile kinaletwa

Picha ya TV ni vidoti vidogo vinaitwa pikseli. HD ni 1280 kwa 720. Full HD ni 1920 kwa 1080, kama milioni 2 hivi. 4K ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8.

Sasa fikiria ile muvi ya masaa mawili uliwekewa kwa flashi, imefinywa ikakuwa MB 300. Ilishapoteza vitu mob kitambo, na 4K itabaki kukisia tu zile pikseli zimekosekana. Kwa net ni hivyo hivyo. Netflix wenyewe wanasema Full HD inataka Mbps 5, na 4K inataka Mbps 15. Kama WiFi ya ploti mnagawana na majirani wote saa mbili usiku, apu inashusha picha yenyewe ndio isikwame. Hapo TV haina makosa.

2. Njia inapitia

Tangu Kenya izime analogi 2015, mawimbi hayafifii polepole kama zamani. Yakitosha, picha iko sawa. Yakipungua, inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatakata, halafu giza. Kwa hivyo ukiona miraba, shida ni eriali. Lakini kama picha haivunjiki ila imefifia tu, wacha kupanda juu ya mabati, juu eriali haiongezi ukali.

Mitambo mikubwa ya Nairobi na viunga vyake iko Limuru, karibu kilomita 50 kutoka kwako, upande ule jua huzamia. Elekeza eriali huko, na uiinue. Ghorofa mpya ikisimama mbele yako inaweza kuziba mawimbi, na mtaa wenyewe unajua vile unajengwa.

Halafu angalia nyuma ya TV. Kama dekoda yako imeunganishwa na ule waya wa njano, nyekundu na nyeupe, umepata mwizi. Huo waya haubebi HD hata kidogo. Kama dekoda iko na tundu la HDMI, nunua waya wa HDMI. Ni soo kadhaa tu.

3. Vile TV imepangwa

Dukani TV huwekwa mwangaza wa juu kabisa ndio iwake kuliko jirani zake. Ukiiacha hivyo kwa keja, nyuso zinakuwa za machungwa na nyasi inang'aa kama rangi ya ukuta. Ingia kwa mipangilio ya picha, chagua Movie ama Cinema. Ile inaitwa Sharpness ishushe, juu ikizidi inachora mistari myeupe kando ya watu na wewe unadhani ni ukali. Na kama muvi zinateleza ni kama kipindi cha mchana, zima ile ya kulainisha mwendo. Muvi nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde, na hivyo ndivyo zinafaa kuonekana.

Hii hatua yote ni bure.

4. Skrini yenyewe

Sasa ndio tunafika kwa TV. Usikimbilie idadi ya pikseli pekee. Cheki nyeusi: kwa eneo la usiku, je, ni nyeusi kweli ama ni kijivu? Hiyo tofauti ya giza na mwanga macho huiona haraka kuliko 4K. Simama pia kando uone kama rangi inapotea, maana kwa keja si wote hukaa katikati.

Kuwa macho na boksi. "Inakubali 4K" si sawa na "ni 4K". TV inaweza kupokea 4K halafu iionyeshe kwa paneli ya 1366 kwa 768. Uliza pikseli za paneli yenyewe.

Na pima umbali. Kama kitanda kiko mita 2 kutoka kwa TV ya inchi 43, jicho la kawaida litatofautisha Full HD na 4K kwa shida sana. Usilipie kitu hutaona.

Jaribio la Jumamosi

Tafuta video safi ya Full HD, iweke kwa flashi, chomeka kwa TV yako ya sasa. Ikitoka kali, TV iko mzima. Shida ni dekoda, waya ama net, na doh yako inabaki mfukoni. Ikibaki mbovu hata baada ya kupanga picha, basi shuka town.

Lakini beba hiyo flashi. Usikubali kuonyeshwa zile video za maua na samaki wa rangi, zilitengenezwa zipendeze. Waambie waweke yako. Wakikataa, toka uende duka lingine.